Umechaguliwa mwenyekiti wa kijiji: namna ya kuizoea dhamana katika miezi sita ya kwanza

Kula kiapo huchukua dakika chache. Kazi ngumu huanza kesho yake asubuhi, pale mtu wa kwanza anapobisha hodi kabla hujanawa uso. Tangu siku hiyo unatakiwa uongee, upokee wageni, ukasirike na unyamaze kama mtu aliyebeba dhamana ya kijiji kizima, ilhali nyumba ni ileile, majirani ni walewale, na shamba lako linasubiri palizi. Semina za halmashauri zikija hueleza muundo na sheria. Mwenendo wa kila siku mtu huachiwa aokote mwenyewe, na wengi huuokota kwa kumwiga aliyetangulia, mazuri na mabaya yake kwa pamoja.

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti mpya wa kijiji, Tanzania Bara. Mwenyekiti wa kitongoji atakuta mengi yanamhusu, na wa mtaa pia, isipokuwa sehemu ya ardhi ambayo mjini ina taratibu zake. Hapa hatupangi mambo kwa ukubwa. Tunayapanga kwa jinsi yanavyokuja mlangoni.

Lipo jambo moja linalobeba mengine yote. Kijiji kimekuchagua uongoze vikao, na uamuzi ni wa vikao. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ndio wenye kauli ya juu kuhusu mambo ya kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, hufanya kazi kwa niaba ya mkutano huo. Wewe peke yako, ukiwa barabarani au sebuleni kwako, huna mamlaka ya kugawa, kusamehe wala kuahidi chochote. Mwenyekiti aliyelielewa hili wiki ya kwanza hujiepusha na sehemu kubwa ya matatizo tutakayoyataja.

Kwanza, kabidhiwa kwa maandishi

Mwombe mtendaji wa kijiji apange siku ya makabidhiano ndani ya wiki mbili za mwanzo, na mtendaji wa kata awepo kama shahidi. Vitu vya kukabidhiwa ni hivi: cheti cha kuandikishwa kijiji, ramani ya mipaka, mpango wa matumizi ya ardhi kama upo, rejesta ya wakazi, rejesta ya ardhi, madaftari ya mihtasari, leja ya mapato na matumizi, vitabu vya stakabadhi, taarifa za benki, sheria ndogo, mihuri, funguo, na mali zinazoshikika kama mabati, saruji, viti na pikipiki kama ipo.

Kila kitu kitajwe kwa sauti, kishikwe, ndipo kiandikwe. Vitabu vya stakabadhi viandikwe namba ya kwanza, namba ya mwisho na namba kilipoishia. Taarifa ya benki iwe imechapishwa wiki hiyohiyo na ionyeshe salio. Saruji ihesabiwe mfuko kwa mfuko, na iliyoganda iandikwe kuwa imeganda. Ukifika kwenye daftari la mihtasari, fungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, piga mstari chini ya saini ya mwisho, andika tarehe, kisha mtangulizi wako, wewe na mtendaji mtie saini juu ya mstari huo. Mstari huo unazuia mtu kuja kuchomeka azimio la zamani baada ya wewe kuingia, na maazimio ya namna hiyo karibu kila mara ni ya ardhi.

Kisichoonekana kiandikwe "hakijaonekana". Nakala ziwe nne: ya aliyetoka, ya aliyeingia, ya ofisi ya kijiji na ya kata.

Kinachowakwamisha wengi hapa ni haya. Mtangulizi ni mzee wa makamo ya baba yako, na kumhesabia mifuko mbele ya watu unaona kama kumvunjia heshima. Mtangulie kwa maneno: "Shikamoo mzee. Tuhesabu pamoja, ili kesho asije mtu akakusingizia kitu ambacho hukukichukua." Ndivyo ilivyo kweli, maana hesabu inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe. Ukisaini bila kuhesabu, upungufu wake umekuwa wako tangu saa hiyo.

Wewe na mtendaji

Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, na ndiye katibu wa vikao. Wewe umechaguliwa, unaongoza vikao na unakisemea kijiji. Yeye si karani wako, nawe huwajibiki kwake kama mfanyakazi kwa bosi. Vijiji vingi hudumaa kwa sababu wawili hawa wananuniana. Vingine huibiwa kwa sababu wameelewana kupita kiasi. Hali hii ya pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa kijiji huchelewa kuigundua.

Pangeni siku moja ya wiki, nusu saa, ofisini, mlango ukiwa wazi. Mambo ya kuzungumza ni manne: barua zilizoingia, fedha zilizoingia na kutoka, malalamiko yaliyoandikishwa, na ajenda za kikao kijacho. Makusanyo ni kazi ya mtendaji na huenda na stakabadhi. Wewe usipokee fedha ya kijiji mkononi hata siku moja, hata kama mtendaji yuko safarini na mlipaji amesafiri toka kitongoji cha mbali. Mwambie: "Fedha hii siwezi kuipokea. Mtendaji anarudi kesho, utapewa na stakabadhi yako." Ukiipokea "kumshikia tu", utaichanganya na ya kwako sokoni, na hata ukiilipa yote, aliyekuona unaipokea hatakuona unaikabidhi.

Kama wewe ni miongoni mwa wanaotia saini benki, usisaini hati ambayo haijajazwa kiasi na jina la mlipwaji. "Saini tu mwenyekiti, mimi nitamalizia" ni maneno ambayo jibu lake ni hapana, hata akiyasema mtu unayempenda.

Badilisha namna ya kujibu

Ulipokuwa jirani, mtu akikuomba jambo ulisema "haina shida" au "tutaangalia". Sasa maneno hayohayo yanasikika kama ahadi ya serikali. Mtu aliyeambiwa "haina shida" kuhusu eneo la kujenga kibanda anaenda kununua mabati. Miezi miwili baadaye halmashauri ya kijiji inakataa, na mkosaji ni wewe.

Jizoeze jibu lenye sehemu tatu: nimesikia, ni la nani, na lini. Kwa mfano: "Nimekusikia, mama. Hili ni la halmashauri ya kijiji, na kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo. Mwone mtendaji aliandike." Halmashauri ya kijiji hukaa kila mwezi, kwa hiyo sehemu ya "lini" huwa na jibu siku zote. Isipokuwepo tu, mtu ataona umemfukuza kwa adabu.

Tembea na daftari dogo linaloenea mfuko wa shati. Chora safu tano: tarehe, jina, shida, nimesema nini, limeishia wapi. Safu ya nne ndiyo ya thamani kuliko zote. Usiandike baadaye ukifika nyumbani, andika palepale mbele ya mwenye shida. Akiona unaandika atapunguza chumvi, na wewe utapunguza ahadi.

Simu nayo iwekewe mpaka. Tangaza saa za kupigiwa, tuseme saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, na useme wazi kuwa nje ya saa hizo ni kwa moto, wizi, mapigano, mgonjwa au mtoto aliyepotea. Kwenye kundi la WhatsApp la kijiji toa matangazo tu. Usiamue jambo humo wala usibishane na mtu humo, kwa sababu maneno ya kundi huhamishwa nusu nusu, na ile nusu inayosafiri kamwe si ile iliyokuwa na busara.

Mambo usiyoyasuluhisha

Jirani mwema husuluhisha, na sifa hiyo huenda ndiyo iliyokupa kura. Dhamana mpya inataka ujue pa kuachia.

Ubakaji, ulawiti, mimba ya mwanafunzi, ndoa ya mwanafunzi, kipigo kilichoacha jeraha na mtoto aliyeumizwa si mambo ya kikao cha familia wala cha wazee. Watakuja wakiwa wengi, tena usiku, pande zote mbili zikiwa zimeshakubaliana: ng'ombe wawili, au fedha, "yaishe kijijini". Watakuomba uwe shahidi tu. Ukikaa pale umeshiriki kulificha kosa la jinai, na mtoto amebaki bila mtetezi. Sheria ya Elimu, tangu marekebisho ya 2016, inamtia hatiani anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Haimwachii mwenyekiti nafasi ya kupatanisha.

Fanya hivi. Simama, useme: "Jambo hili limenizidi, ni la polisi," kisha upige simu wakiwepo. Kwa aliyebakwa, mwambie yeye na mama yake mambo matatu: asioge, asifue nguo alizovaa, na afike kituo cha afya mapema iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina kazi zikianzwa ndani ya saa 72, kwa hiyo usiku mmoja wa vikao vya ukoo ni hasara isiyorudi. Kituo cha polisi mwulizeni askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Kama kuna mtoto aliye hatarini na hakuna anayepokea, namba 116 hupigwa bure. Ibandike mlangoni mwa ofisi.

Baada ya hapo usimtaje aliyeathirika popote, wala kikaoni, wala kwa mwenzi wako, wala kwa mfano wa "binti mmoja wa kitongoji fulani". Kijiji ni kidogo na watajua.

Ugomvi wa mipaka ya mashamba nao si wako kuuamua. Upo ubatili mkubwa katika "hukumu" za mwenyekiti aliyekwenda shambani na kupanda mlonge kuonyesha mpaka. Kazi hiyo ni ya baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu ni wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Ikishindikana, wahusika wanapanda ngazi hadi baraza la kata, ambalo tangu 2021 nalo ni la upatanishi, kisha baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Kazi yako ni kuhakikisha baraza la kijiji lipo, limekamilika na linakaa. Mara nyingi utakuta wajumbe wawili walishahama na mmoja ni marehemu.

Ndugu, marafiki na waliokupinga

Usihame kijiwe chako. Mwenyekiti anayeacha ghafla kukaa na watu aliozoea kunywa nao kahawa hujulikana kwa siku tatu kuwa "amebadilika". Kinachobadilika ni mazungumzo. Jambo lililo mezani kwa kikao halizungumzwi kijiweni, na likianza, sema "hilo liko kikaoni" kisha uulize habari za mvua. Baada ya mara tatu nne watazoea. Pombe ni suala la kila mtu na dini yake, ila mwenyekiti aliyelewa akaongea ni mwenyekiti aliyetoa tamko.

Umri haufutwi na cheo. Sheria inaruhusu mtu wa miaka 21 kugombea, na kijana akishinda hujikuta anaitwa mheshimiwa na watu waliombeba mgongoni. Kikaoni wewe ni mwenyekiti, na mzee anayevuruga utaratibu anaambiwa akae, kwa upole lakini bila kuyumba. Nje ya kikao shikamoo bado inatoka kwako kwenda kwake. Msibani unashika jembe au unabeba maji kama wengine. Kiti cha mbele kaa pale tu unapotoa salamu za kijiji, kisha rudi ulikokuwa.

Kwa waliokupinga, nenda wiki ya kwanza. Piga hodi nyumbani kwa kila aliyegombea nawe, peke yako, bila mpambe. Usizungumzie kura. Uliza jambo moja la kijiji analolifahamu vizuri kukuzidi, usikilize, uondoke ndani ya nusu saa. Kama chama chake kimepata wajumbe kwenye halmashauri ya kijiji, wape nafasi kwenye kamati kwa uwezo wao. Kamati za kudumu ni tatu: ya fedha, uchumi na mipango; ya huduma za jamii na shughuli za kujitegemea; na ya ulinzi na usalama. Kamati ya fedha yenye macho ya upande wa pili ndani yake hukulinda kuliko kamati ya marafiki watupu.

Uligombea kwa tiketi ya chama, maana sheria haina mgombea binafsi, lakini ofisi ya kijiji ni ya wasio na chama pia. Fulana na kofia za chama ziache nyumbani siku za kazi. Matangazo ya kijiji yasipitie kwa mabalozi wa nyumba kumi peke yao, kwa kuwa hao ni wa chama. Yapitie kwa wenyeviti wa vitongoji, kwenye ubao, misikitini, makanisani na sokoni.

Ikifika ajenda inayomgusa ndugu yako, mbia wako au mdeni wako, kujitoa kuna namna yake. Kabla ajenda haijafunguliwa sema: "Jambo linalofuata linamhusu mdogo wangu. Naomba kikao kichague mwenyekiti wa muda." Kisha toka nje kabisa, mbali kiasi cha kutosikia, na mtendaji aandike saa uliyotoka na saa uliyorudi. Kubaki chumbani "bila kuchangia" hakutoshi, kwa sababu wajumbe wanatazama uso wako. Na usikasirike mdogo wako akinyimwa. Hasira hiyo ikionekana, umeyafuta yote.

Zawadi, ya soda, na ada ya barua

Hapa ndipo mazoea ya ujirani na maadili ya kazi yanapogongana hasa, na si haki kumwambia mtu "kataa kila kitu" kwenye jamii ambako kukataa chakula ni tusi. Tenganisha hivi.

Chakula kinacholiwa na wote waliopo, pale ulipo, kula. Mahindi mabichi ya jirani anayewapelekea majirani wote, pokea. Jogoo aliyeletwa na mtu mwenye ombi mezani, mrudishe leo hiihii akiwa hai, mkononi mwa aliyemleta, mbele ya mtu wa tatu, na useme: "Ahsante sana. Jambo lako likiisha, tutakula pamoja kwako." Ukimfunga kamba "hadi kesho", kesho watoto wameshamzoea. Fedha ya aina yoyote inayoitwa ya soda, ya maji, ya mafuta au ya vocha kutoka kwa mwenye shida ofisini ni hapana, na kiasi hakibadilishi kitu. Shilingi 2,000 ndiyo huanzisha bei ya ofisi yako.

Barua ya utambulisho ina historia mbaya katika ofisi nyingi. Utaratibu ni mwepesi: kama ipo sheria ndogo inayotaja ada, ada hiyo ibandikwe ukutani na ilipwe kwa stakabadhi. Kama haipo, barua ni bure. Ni vivyo hivyo kwa mwenyekiti wa mtaa anayeshuhudia mauziano ya kiwanja: usidai asilimia ya bei. Unachotakiwa kufanya ni kuuliza kama mwenzi wa muuzaji anajua na ameridhia, na kuwaita majirani wa mipaka waseme wanamtambua muuzaji kuwa mwenye eneo. Anayeombwa au kulazimishwa kutoa rushwa anaweza kupiga simu TAKUKURU, namba 113, bure. Nayo ibandike, karibu na ile ya watoto.

Nyumba yako imeingia kazini bila kuulizwa

Kaa na mwenzi wako na watoto wakubwa ndani ya wiki ya kwanza. Watu wanaoogopa kuja kwako watapitia kwa mkeo kisimani au kwa mumeo gereji. Kubaliana nao jibu moja: "Mambo ya ofisi sijui, mwone ofisini." Wasipokee bahasha wala mzigo ukiwa haupo. Watoto wasiwatishie wenzao kwa cheo chako, na likitokea, mpeleke mtoto mwenyewe akaombe radhi kwa yule mwenzake. Kijiji kitalisikia hilo kabla ya jua kuzama, na kwa faida yako.

Nyaraka na mihuri haviji nyumbani. Mihuri ikae kabatini ofisini, na kila inapogongwa iandikwe kwenye daftari: tarehe, barua ya nani, ya nini.

Mwanamke aliyechaguliwa anakutana na mawili zaidi. La kwanza, wageni watataka kuzungumza na mumewe "kama mkuu wa nyumba". Mume anayemsaidia mkewe husema "mwenyekiti yule pale" na kuondoka barazani. La pili, wito wa usiku. Weka utaratibu kuwa usiku unatoka na mjumbe wa kamati ya ulinzi na usalama pamoja na mwanamke mwingine, na utangaze utaratibu huo mkutanoni ili usionekane woga. Mwenyekiti mwanamume anayeitwa usiku kwenye ugomvi wa wanandoa ana sababu zilezile za kutokwenda peke yake.

Mkutano mkuu wako wa kwanza

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ukiukosa wa kwanza, wa pili utakuwa wa kuzomea. Tangazo litoke angalau siku saba kabla, likiwa na ajenda, mahali na saa. Chagua saa kwa kuuliza akina mama, maana wao ndio wanaojua maji na mboga vinakwisha lini. Mkutano wa saa nne asubuhi msimu wa palizi ni mkutano wa wazee na walevi.

Siku yenyewe, daftari la mahudhurio lizungushwe kabla ya kuanza, kila mtu aandike jina, kitongoji na saini au dole gumba. Mtendaji asome mihtasari ya mkutano uliopita, na kila azimio lisemwe limefikia wapi. Kisha isomwe taarifa ya mapato na matumizi, kwa tarakimu kamili, na iandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa inayosomeka toka nyuma. Iwe hivi, kwa mfano wa ujenzi wa zahanati: michango iliyopokelewa 1,240,000, saruji mifuko 40 kwa 18,000, jumla 720,000, usafiri 80,000, fundi 250,000, salio 190,000, na salio liko wapi. Neno "matumizi mengineyo" lisiwepo. Karatasi ibaki ubaoni mpaka mkutano unaofuata.

Wewe ongea kidogo. Fungua hoja, taja wanaotaka kusema kwa zamu, chunga muda, wape nafasi waliokaa nyuma chini ya mwembe, na useme mwisho. Ukitaka kutetea hoja kwa nguvu, mwachie mjumbe kiti kwanza. Kabla ya kura, soma azimio lote kama litakavyoandikwa. Hesabu mikono: wanaokubali, wanaokataa, wasio na upande, na tarakimu tatu ziandikwe. "Watu wote walikubali" ni sentensi dhaifu mahakamani na hata kijijini.

Sasa "mengineyo", ajenda ya mwisho, watu nusu wakiwa wameshaondoka kuwahi mifugo. Hapo ndipo ombi la ekari nyingi huchomolewa mfukoni. Jiwekee sharti: ardhi haipitishwi chini ya mengineyo, kamwe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na hairuhusiwi kugawa ardhi bila kwanza kupata idhini ya mkutano mkuu. Kwa hiyo ombi la ardhi liwe kwenye tangazo la siku saba, likitaja jina la mwombaji, ukubwa, mahali, mipaka minne, matumizi na muda. Wajumbe waende kwanza kulikanyaga eneo kwa miguu pamoja na majirani wa mipaka na wafugaji wanaopita hapo kiangazi. Eneo linaloitwa "pori tupu" masika ni njia ya ng'ombe au chanzo cha kuni mwezi wa tisa. Mwekezaji akisema ana haraka, jibu ni tarehe ya mkutano ujao.

Utazomewa. Mtu atasimama aseme umekula fedha ya zahanati, hata kama hujaigusa. Usijitetee kwa uaminifu wako. Elekeza kwenye karatasi: "Naomba uonyeshe mstari unaoutilia shaka, mtendaji alete stakabadhi yake." Kama kweli kuna kosa, sema "ni kosa, litarekebishwa na kutolewa taarifa mkutano ujao", na liandikwe. Usimjibu kesho yake kijiweni, usimnyime salamu, na barua yake akija kuiomba aipate siku ileile kama wengine. Katika yote yanayojifunzwa kwenye nafasi hii, hili ndilo linalochelewa zaidi, na ndilo kijiji kinalitazama kwa makini kuliko yote.

Mwezi wa sita, kaa na daftari lako la mfukoni

Tenga jioni moja. Pitia safu ya mwisho na uhesabu mambo yaliyobaki wazi. Kisha pitia majina. Kama kitongoji kizima hakimo, hakuna anayekuja kwako kutoka huko, nawe hujaenda. Kama majina ya wanawake ni machache, huenda saa zako za ofisi ni za wanaume. Kama mambo mengi yameishia kwenye "nimemwambia asubiri", kikao cha mwezi hakikai inavyotakiwa, zungumza na mtendaji wiki hiyohiyo. Linganisha safu ya "nimesema nini" na mihtasari ya vikao: kila ulipoahidi jambo ambalo kikao hakijawahi kulijadili, weka alama nyekundu. Watu wenye alama hizo wafuate nyumbani kwao, uwaambie ahadi ile haikuwa yako kuitoa, na jambo lao uliingize kwenye ajenda ya kikao kinachofuata.